Duka la dawa za mifugo la Mikindani, na matibabu ya sungura wangu Ufuta

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia na sababu nitazitoa. Mwenye haraka ajue tu kwamba mimi nitarudi pale, na tangu Julai nimeshawapeleka majirani watatu.

Duka liko barabara ya kutoka Mtwara mjini, upande wa bahari, kabla hujafika kwenye majengo ya zamani. Mlango wa kijani, nje kuna magunia ya pumba na vyombo vya kunyweshea kuku vimening'inizwa. Mwenye duka ameniomba nisiandike jina wala namba ya simu. Daktari wa mifugo wanaye mmoja, na simu zikianza kuingia kutoka Masasi na Newala atawaacha wagonjwa alio nao mkononi. Nimeheshimu ombi lake. Mtu wa Mikindani hatapotea.

Nafuga sungura nyuma ya nyumba tangu nilipostaafu ualimu wa shule ya msingi. Nina vizimba kumi na vinne vya mianzi na waya, ghorofa mbili, vilivyojengwa na seremala kwa mchoro wangu mwenyewe. Huo mchoro tutaurudia, maana ndio ulioniponza. Nauza vitoto kwa watu wanaoanza kufuga, na nyama kwa wateja wachache wanaonijua. Karanga zikivunwa kule Nanyumbu, shemeji yangu huniletea majani yake kwa magunia, nayakausha. Hayo pamoja na matembele ndiyo chakula chao.

Ufuta ni jike wa miaka miwili, nimemwita hivyo kwa rangi yake. Jumanne moja asubuhi nilimkuta kichwa kimelalia kushoto, sikio linakaribia kugusa sakafu, na macho yanakwenda na kurudi, yanakwenda na kurudi, kama ya mtoto anayesoma mstari uleule bila kuumaliza. Nilipomwinua ili asimame alibiringika mara tatu hadi akagonga waya. Jirani akasema amepigwa na upepo mbaya. Mjomba akasema ni kifafa. Mimi nilimtia kwenye kapu nikapanda bajaji hadi mjini, kwenye duka jingine ambalo silitaji. Pale hawakumtoa hata kwenye kapu. Kijana wa kaunta alisema ni utitiri wa masikio, akamdunga ivermektini, akaniambia ikifika Ijumaa hajapona nichinje tu. Siku mbili zilipita, Ufuta akawa hawezi hata kulifikia bakuli la maji.

Alhamisi ndipo nilipoingia kwenye mlango wa kijani. Miaka yote nilidhani wanauza pumba na chanjo ya kideri, basi.

Kijana anayepokea wateja nilimfundisha darasa la tatu. "Shikamoo mwalimu," akaniletea kigoda, kisha akamwita daktari aliyekuwa nyuma akipanga chupa. Ni binti wa miaka thelathini na kitu, lafudhi yake ya Kanda ya Ziwa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Alifunga mlango wa nyuma kelele zisiingie, akatandika taulo mezani, akamtoa Ufuta kwa mikono miwili akimkumbatia kifuani asibiringike. Hilo peke yake lilinituliza, maana mtu anayejua kumshika mnyama unamwona mara moja.

Alimulika masikio yote mawili kwa tochi. Hakukuwa na ukoko wala usaha, akanusa, hakuna harufu. "Utitiri ungeacha alama, mama," akasema, akanionyesha na mimi nione. Akakunja vidole vya mguu wa nyuma, mmoja baada ya mwingine, aone kama sungura atavirudisha mahali pake. Wa kulia ulirudi upesi, wa kushoto ulichelewa. Akatazama macho kwa muda mrefu, akitafuta doa jeupe ndani ya jicho, halikuwapo. Akampima uzito: kilo 2.4. Yote hayo yalichukua kama dakika arobaini. Wateja wawili waliofuata chanjo waliombwa wasubiri, mmoja akaondoka amenuna. Namwomba radhi kama anasoma hapa.

Kisha akaanza kuuliza. Ufuta amezaliwa kwako au umemnunua? Mama yake yuko wapi? Analala na nani? Nani anasafisha vizimba? Na swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Mkojo wa sungura wa juu unakwenda wapi?"

Nilitaka kujibu, nikakwama. Mkojo wa sungura wa juu unadondokea kwa sungura wa chini. Nilichora mimi.

Alinieleza kwamba kichwa cha sungura kikipinda hivyo, yapo mambo mawili yanayotuhumiwa kwanza. La kwanza ni uambukizo wa sikio la ndani, mara nyingi wa bakteria. La pili ni kimelea cha kundi linaloitwa maikrosporidia. Nikamwomba aniandikie jina kamili kwenye daftari langu, akaandika kwa herufi kubwa: Encephalitozoon cuniculi. Kinashambulia ubongo, figo na wakati mwingine jicho la sungura. Kwa jinsi masikio yalivyokuwa safi na mguu wa nyuma ulivyolegea, yeye alielemea huko.

Mimi nimefundisha sayansi miaka mingi na neno hilo sikuwahi kulikuta, kwa hiyo nilimbana. Alijibu kila swali bila kuangalia saa. Hawa viumbe hawawezi kuishi nje ya seli ya kiumbe mwingine ila kwa umbo moja tu, la spora, kimbegu chenye ganda gumu. Ndani ya spora kuna mrija mrefu uliojizungusha. Nikamwambia kama mshipi wa mvuvi uliozungushwa kwenye kibao, akakubali, isipokuwa mshipi huu uko mtupu katikati kama bomba. Spora ikifika utumboni, mrija unafyatuka chini ya sekunde mbili, unachoma seli, na kilichomo ndani ya spora kinapita humo hadi ndani ya seli. Huko kinazaana, seli inapasuka, spora mpya zinatoka, nyingine zinaishia kwenye mkojo. Ukubwa wake nilikokotoa mwenyewe nyumbani: spora moja ina urefu wa takriban sehemu mbili na nusu za elfu za milimita, maana yake upange 400 kwa mstari ndipo ufikishe milimita moja. Zamani wataalamu waliwahesabu kati ya protozoa, vijidudu vya seli moja kama amiba. Siku hizi wanawaweka pamoja na ukoo wa kuvu. Spishi zilizoelezwa ni zaidi ya 1,400, nyingi za wadudu na samaki, na zinazomwingia binadamu ni kumi na kadhaa.

Hapo kwenye "binadamu" ndipo nilipoweka kalamu chini. Nitafika.

Niliuliza kipimo. Jibu lake ndilo lililonifanya nimwamini. Akasema kipo kipimo cha damu cha kutafuta kinga dhidi ya kimelea hiki, pale dukani hawana, na hata tukituma mbali kitatusaidia nusu. Sungura wengi wazima kabisa wana kinga hiyo kwa sababu waliwahi kuambukizwa wakatulia nayo. Jibu likiwa hapana, tunamwondolea tuhuma. Likiwa ndiyo, bado hatujui kama ndicho kinachompindisha kichwa leo. "Pesa hiyo mama uitie kwenye dawa na kwenye vizimba." Duka ambalo lingeweza kunitoza gharama ya kipimo na usafirishaji likanishauri nisilipe. Naliandika hili makusudi.

Dawa ni fenbendazoli ya maji, ya kunywesha, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, kila siku kwa siku 28. Nikamuuliza kwa nini si albendazoli, ambayo rafu yake imejaa na bei yake ni nafuu. Akasema sungura akipewa albendazoli kwa siku nyingi anaweza kudhurika uboho wa mifupa, damu ikapungua. Chupa yake ya fenbendazoli ilikuwa na miligramu 25 katika kila mililita. Tulipiga hesabu pamoja juu ya kaunta: Ufuta mililita 1.9. Dume aliyelala naye, kilo 2.75, mililita 2.2. Binti yake wa kizimba cha chini yake, kilo 1.75, mililita 1.4. Hao wawili hawakuwa na dalili, ila alitaka watibiwe sambamba. Jumla mililita 5.5 kwa siku. Alinipa mabomba matatu ya sindano yasiyo na sindano, kila moja akalichora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika na kulibandika jina la sungura wake, kisha akabandika karatasi ya Kiswahili juu ya lebo ya chupa: tikisa kwanza, ingiza pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele, sukuma taratibu asipaliwe. Nimenunua dawa za mifugo huku Kusini kwa miaka na sijawahi kuandikiwa hivyo.

Jumamosi alikuja nyumbani kuona vizimba. Hiyo ni huduma ya ziada na wanailipisha. Alipiga goti akatazama kuanzia chini, akaniita nami nipige goti, na kutoka kule chini nikaiona michirizi ya mkojo mweupe uliokauka kwenye mianzi, kizimba hadi kizimba. Sungura aliyeambukizwa huanza kutoa spora kwenye mkojo baada ya mwezi hivi na huendelea kwa wiki kadhaa, na spora ikiwa pakavu inaweza kukaa hai hata wiki nne. Hesabu ikawa wazi, sikuhitaji kuambiwa zaidi. Tulikubaliana kipande cha bati chini ya kila kizimba cha juu, kimeinamishwa, na mfereji wa kupeleka mkojo kwenye ndoo. Mabakuli yachemshwe, maji yakishatokota zihesabiwe dakika tano ndipo yaepuliwe. Mbao na waya kwanza zisuguliwe mpaka uchafu wote utoke, kisha Jik kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi, iachwe ikae, halafu isuuzwe na kuanikwa juani kabla sungura hajarudi. Alisisitiza kusugua kwanza. Jik ikimwagwa juu ya kinyesi inaishia kwenye kinyesi.

Akiwa ananawa mikono aliuliza tena, kwa upole, kama mtu anayejua anagusa kidonda: "Mama, anayesafisha hapa ni nani? Hapa nyumbani kuna mtu mwenye kinga dhaifu, au mgonjwa wa muda mrefu?"

Anayesafisha ni mdogo wangu.

Ameniruhusu niandike, amesema labda kuna mwenzake atasoma. Mdogo wangu anaishi na virusi vya UKIMWI. Alikuwa Liwale kwenye mashamba ya korosho, dawa zikamwishia, aibu ikamzuia kwenda kliniki ya ugenini, akakaa miezi mitano bila kumeza. Machi, katikati ya mvua, alirudi kwangu amebaki mifupa. Alikuwa akiharisha maji matupu, mara nane au kumi kwa siku, wiki ya tano. Kliniki ya CTC, ya wanaoishi na virusi, walimpokea vizuri. CD4 zake, yaani seli za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, zilikuwa 61. Choo kilipimwa mara tatu, majibu yakarudi: hakuna mayai ya minyoo, hakuna amiba. Walimrudisha kwenye ARV, wakampa maji ya chumvi na sukari, na wakampa albendazoli miligramu 400 asubuhi na 400 jioni kwa wiki kadhaa. Hilo la mwisho lilinishangaza wakati ule, maana shuleni siku ya dawa za minyoo mtoto hupewa kidonge kimoja cha 400, mara moja, basi. Nilidhani wamekosea. Sikuuliza. Kuharisha kulipungua polepole, na kufikia Juni alikuwa ameanza kunenepa na kutafuta kazi ya kufanya, ndipo nikampa vizimba. Nilimpa mimi, kwa mapenzi, ili asijione mzigo.

Nilimweleza daktari yote hayo nikiwa nimeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakushtuka wala hakunitisha. Alisema binadamu anaweza kuambukizwa Encephalitozoon cuniculi kutoka kwa sungura, imetokea kwa watu wenye kinga dhaifu sana, ila si jambo la kila siku, na kuharisha kwa Machi hakuwezi kuwa kwa Ufuta kwa sababu mdogo wangu alifika akiwa mgonjwa tayari. Kwa mwenye kinga nzima kimelea kikiingia mara nyingi hata hajui. Alichotaka ni mambo mawili. Mdogo wangu aache kusafisha vizimba mpaka kliniki iseme vingine. Kulisha na kukata majani aendelee, anawe kwa sabuni. Na kliniki wajue.

Akachomoa karatasi, akaandika barua fupi kwa daktari wa binadamu: mgonjwa wenu anaishi na sungura watatu wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, mmoja ana dalili, tarehe, matibabu wanayopata. Akasaini, akagonga mhuri wa duka. Daktari wa kuku na mbuzi anamwandikia daktari wa watu. Nimeishi miaka 61 sijawahi kuona barua ya namna hiyo.

Nilikwenda na mdogo wangu kliniki Jumatatu. Daktari wa pale aliisoma mara mbili, akaikunja na kuiweka kwenye faili. Alimuuliza habari za macho, kikohozi, maumivu ya kichwa, mkojo, akaagiza vipimo vya figo, vyote vikawa vizuri. Nami nikapata ujasiri wa kuuliza swali langu la Machi. Kumbe ile albendazoli haikuwa ya minyoo. Mtu mwenye CD4 chini ya 100 akiharisha kwa wiki nyingi, maikrosporidia wamo kwenye orodha ya washukiwa, na hadubini ya kawaida bila rangi maalumu haiwaonyeshi, ni wadogo mno na wanafanana na bakteria. Wanaoleta kuharisha ni wawili hasa. Mmoja, Encephalitozoon intestinalis, anasikia albendazoli. Mwingine, Enterocytozoon bieneusi, ndiye anayewapata watu wengi zaidi. Aligunduliwa Ufaransa mwaka 1985 kwa mgonjwa wa UKIMWI, na albendazoli haimwezi. Huyo anaondoka kinga ikipanda. "Kwa hiyo dawa yake kubwa ni ARV," akasema, "nyingine zote ni za kusindikiza." Mdogo wangu alikuwa anasikiliza kimya. Kutoka pale hajakosa dozi hata moja, naona anavyoweka alama kwenye kalenda ya ukutani.

Njia ya kuambukizwa ni maji, chakula na mikono. Kisima chetu hakina mfuniko mzuri, kwa hiyo maji ya kunywa sasa yanachemshwa, ya watu na ya sungura wagonjwa pia. Mboga za kuliwa mbichi naziosha kwa maji yaliyochemshwa.

Narudi dukani.

Ufuta aliacha kubiringika siku ya kumi na moja. Kabla ya hapo alikaa ndani ya boksi lililozungushiwa mataulo yaliyokunjwa ili asijiumize, nikawa namlisha matembele kwa mkono na kumnywesha maji kwa bomba. Daktari alipiga simu siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, bila kuitwa na bila kudai kitu. Siku ya saba nilimwambia sioni tofauti na nilikuwa karibu kukata tamaa. Aliniuliza jambo moja: anakula? Anakula. "Basi tunaendelea, mama."

Sasa kasoro. Siku ya kumi na nane chupa iliisha. Mililita 5.5 mara siku 18 ni 99, chupa ilikuwa ya mililita 100, hesabu tuliifanya wote pale kaunta siku ya kwanza na siku 28 zilihitaji 154. Walijua chupa moja haitoshi. Ya pili wangeagiza siku ileile. Waliagiza ilipokwisha, ikapakiwa basi la Dar es Salaam, na sungura watatu wakakaa siku mbili bila dawa. Daktari aliomba radhi, akasema tuunganishe zile siku mwishoni. Nilimsamehe, lakini nyota haikurudi. Ugonjwa wa siku 28 unahitaji dawa ya siku 28 iwepo mkononi, na mfugaji wa Nanyamba asiyekuwa na simu asingejua hata kama chupa inakuja.

Tena, Ijumaa mchana wanafunga kwa saa kadhaa na Jumapili siku nzima, bila tangazo mlangoni. Niliwahi kusimama pale na kapu juani. Karatasi moja tu ukutani ingetosha.

Bei: kumwona daktari 5,000, kuja nyumbani 15,000, chupa mbili 28,000, mabomba 1,500. Jumla shilingi 49,500. Sungura mkubwa nauza 25,000. Kuna jirani aliyeniambia nimepoteza pesa, ningechinja ningemaliza. Nilimjibu kwamba sikumtibu Ufuta peke yake. Ningechinja, mkojo ungeendelea kudondoka kutoka ghorofa ya juu, na mdogo wangu angeendelea kuufuta kwa mikono mitupu. Swali la mkojo lilikuwa ndani ya ile 5,000.

Ushauri uliouma ni wa kutomzalisha Ufuta tena, wala binti yake, kwa sababu kimelea kinaweza kumfuata mtoto tangu tumboni. Ufuta alikuwa jike wangu bora, vitoto saba au nane kila mzao. Jioni ile nilisoma habari za viwavi wa hariri wa Ufaransa, maana daktari alikuwa amegusia. Kimelea chao, Nosema bombycis, ndicho cha kwanza cha kundi hili kupewa jina, mwaka 1857, na Louis Pasteur alipelekwa kusini mwa nchi ile mwaka 1865 biashara ya hariri ikiwa inakufa. Alichowafundisha wafugaji ni kumwacha nondo jike atage, kisha kumsaga na kumtazama kwa hadubini, na akikutwa na vijidudu mayai yake yanatupwa. Kwa hiyo nami nikakubali. Ufuta hazalishwi. Dume nalo nimelitenga.

Siku ninakwenda kumlipa daktari deni la chupa ya pili nilimuuliza, kwa kuchoka tu, kama hawa viumbe wana jema lolote. Macho yake yaling'aa. Akaniambia ng'ambo ya ziwa la kwao, Mbita nchini Kenya, watafiti walitangaza mwaka 2020 kwamba wamekuta maikrosporidia ndani ya mbu wa malaria, na mbu aliye nayo haambukizwi vimelea vya malaria. Wanatafuta namna ya kuwaeneza kwa mbu wengi zaidi. Mimi nimezika wanafunzi kwa malaria hapa Mtwara. Nilisimama pale kaunta nikamwomba anirudie taratibu, nikaandika kwenye daftari ukurasa uleule wenye dozi za Ufuta.

Mkienda, nendeni kabla ya saa nne asubuhi, daktari akiwa hajatoka kuzunguka vijijini. Sungura abebwe kwenye kapu lenye taulo chini, si kwenye kiroba. Andika pembeni nani analala juu ya nani. Na siku ya kwanza kabisa, kabla hujalipa, waambie waagize dawa ya siku zote 28.

Ufuta yupo hai. Kichwa kimebaki kimeinama kidogo kushoto, kama anayesikiliza, na daktari amesema huenda kikabaki hivyo. Anakula, anaruka, na mdogo wangu ndiye anayemkatia matembele.